Mafuta ya Karafuu na Meno ya Watoto: Dawa Zitumiwazo Kutibu Kiini cha Jino la Utotoni

Wengi wetu twaijua bei ya karafuu ya daraja la kwanza kuliko tunavyojua karafuu hiyo inakwenda kufanya kazi gani ikishatoka bandarini. Katika toleo hili tunapenda kueleza kazi moja ya mafuta ya karafuu ambayo ni ndogo kwa uzito lakini si ndogo kwa maana yake. Nayo ni kazi ya kutibu meno ya watoto yaliyooza mpaka ndani. Tutaeleza dawa zote zinazotumika katika kazi hiyo, ile yetu na zile zinazoshindana nayo, ili mwanachama ajue ukweli wote, si ule unaotupendeza tu.

Kwa mfano wetu tumechukua Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, kule kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tunazo sababu tatu. Kwanza, watu wa Kyela ni wakulima kama sisi. Sisi tuna mkarafuu, wao wana mkakao, pamoja na mpunga, migomba na michikichi. Pili, ni watu wa majini kama sisi, na wako wanaoishi mbali na hospitali kubwa, ikawa safari ya kwenda kutibiwa jino ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Tatu, nchi yao ya chini iko yapata meta 500 juu ya bahari, yenye joto na mvua nyingi, na hali ya hewa ya namna hiyo inaathiri dawa za meno kama inavyoathiri karafuu iliyoanikwa. Mambo haya matatu tutayarudia.

JINO LA UTOTONI NI KITU GANI

Mtoto hupata meno 20 ya utotoni. Jino la kwanza huota yapata miezi sita, na ya mwisho, yaani magego ya pili, huwa yameota mtoto akifika miaka miwili na nusu au mitatu. Meno ya mbele huanza kung'oka yenyewe mtoto akiwa na miaka sita hivi, lakini magego hukaa mpaka miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na miwili. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Husema, "Hilo la utotoni, litatoka tu, liacheni." Kweli litatoka, lakini gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka minne lina miaka sita au saba bado kabla ya kutoka. Hiyo ni miaka mingi ya kutafuna kwa upande mmoja, kukosa usingizi na kukosa skuli.

Tena jino la utotoni linamwekea mwenzake nafasi. Likitolewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo, na jino la ukubwani likija hukuta mlango umezibwa, likaota upande.

Jino lina tabaka tatu. La juu ni gamba jeupe lililo gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna tabaka ya rangi ya manjano kidogo, laini kuliko gamba. Ndani kabisa kuna kiini, nacho ni nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kiini kina sehemu mbili, chumba kilichomo ndani ya kichwa cha jino, na nyuzi zinazoshuka katika mizizi. Katika jino la utotoni gamba ni jembamba na kiini ni kikubwa kwa kulinganisha na jino lenyewe. Kwa hiyo tundu dogo, ambalo kwa mtu mzima lingekaa muda mrefu bila ya kudhuru, kwa mtoto hufika kwenye kiini upesi.

Kinachotoboa jino si mdudu kama walivyosema wazee. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula sukari na kuacha asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha gamba. Kule Kyela mtoto hupata sukari yake katika chai, soda, biskuti na miwa, na mkulima wa kakao anajua pia jinsi watoto wanavyopenda kunyonya ule ute mweupe mtamu unaozunguka mbegu za kakao. Huku kwetu ni yale yale, ila kakao. Hatusemi mtoto asionje utamu. Tunasema kinachoumiza zaidi ni kula kidogo kidogo mchana kutwa, kwa maana jino halipati nafasi ya kupumzika.

NJIA TATU ZA DAKTARI

Uozo ukishafika kwenye kiini, daktari ana njia tatu.

Ya kwanza ni kukata kiini cha juu tu. Ikiwa nyama ya chumba imeugua lakini nyuzi za mizizi zingali nzima, daktari humpiga mtoto ganzi, huondoa uozo wote, kisha huitoa nyama ya chumbani na kuziacha zile za mizizini. Baada ya hapo hukandamiza kwa pamba iliyoloweshwa na kungoja dakika chache. Damu ikikoma, ni dalili kwamba mizizi ina afya. Isipokoma, ugonjwa umeshashuka, na njia hii haifai. Ikikoma, dawa huwekwa juu ya visiki vya nyama vilivyobaki, kisha hufunikwa, na mwisho jino huvishwa kofia.

Ya pili ni kusafisha mizizi yote. Ikiwa kiini chote kimekufa, daktari husafisha mifereji ya mizizi mpaka chini na kuijaza dawa laini. Dawa hiyo lazima iwe ya namna inayoweza kuyeyuka pamoja na mzizi, kwa sababu mzizi wa jino la utotoni hutafunwa na mwili pole pole ili jino la ukubwani lipite.

Ya tatu ni kung'oa. Hii hufaa ikiwa jipu limeshakula mfupa, au jino limevunjika lisiweze kuvishwa kitu, au limekaribia kutoka lenyewe.

Ziko njia nyingine ambazo huzuia mambo yasifike huko, nazo tutazitaja mbele. Sasa tuzitazame dawa.

DAWA YETU: OKSIDI YA ZINKI NA EUJENOLI

Karafuu ina mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, asilimia 80 mpaka 90 hivi, ni kitu kimoja kinachoitwa eujenoli. Ndicho kinachotoa ile harufu tuijuayo na kuufisha ulimi ganzi mtu akitafuna karafuu. Hakipatikani katika karafuu yenyewe tu, bali hata katika makonyo na majani. Kisiwani Pemba makonyo hukamuliwa mafuta kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kilicho chini ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Mafuta hayo huuzwa nje. Huko viwandani huchanganywa na maji ya magadi makali, eujenoli hushikamana na magadi na kujitenga na vitu vingine, kisha hutiwa asidi nayo hurudi kuwa mafuta safi, ambayo hukamuliwa tena na kutiwa katika chupa ndogo za rangi ya kahawia.

Tangu miaka ya 1870 madaktari wa meno walianza kuchanganya mafuta ya karafuu na unga mweupe wa oksidi ya zinki. Unga na mafuta hukorogwa juu ya kipande cha kioo mpaka vikawa kama ugali mgumu, na ugali huo hukauka ukawa imara mdomoni. Sababu ya kukauka ni kwamba zinki na eujenoli hushikana zikawa kitu kipya, na maji maji kidogo husaidia kushikana huko. Dawa hii ina sifa tatu. Huziba vizuri vijidudu visiingie, huua vijidudu vilivyopo, na hutuliza maumivu.

Katika meno ya watoto hutumika kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kifuniko. Baada ya kiini cha juu kukatwa na kutiwa dawa nyingine, ugali wa karafuu hujazwa chumbani juu yake. Ya pili ni kuijaza mizizi iliyosafishwa, kazi ambayo imefanywa kwa dawa hii kwa miaka mingi sana.

Lakini ina kasoro zake, na yapasa tuzitaje. Kwanza, eujenoli ikipita kwanza katika tabaka ya manjano, hufika kwenye kiini kidogo kidogo na kukituliza. Ikiwekwa juu ya nyama hai moja kwa moja, hufika nyingi kwa mara moja, huichoma na kuitia uvimbe usiokwisha. Kwa hiyo peke yake si dawa ya kuwekwa juu ya kisiki kibichi. Pili, katika mizizi huyeyuka polepole kuliko mzizi wenyewe, na mara nyingine vipande hubaki katika fizi baada ya jino kutoka. Tatu, huzuia vijazio vipya vya rangi ya jino visikauke vizuri vikiwekwa juu yake.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Kyela inapoingia. Ugali wa zinki na karafuu hukauka upesi zaidi penye joto na unyevu. Daktari anayefanya kazi karibu na ziwa, katika nchi ya mvua, hapana budi autumie kipande cha kioo kilichopozwa na kukaushwa vizuri, afunge chupa ya unga kila mara, na kukoroga kiasi cha jino moja tu. Na mafuta yenyewe yakiachwa wazi juani hugeuka rangi, kama kila mwanachama aliyewahi kuweka mafuta ya karafuu nyumbani ajuavyo. Haya ni mambo madogo, lakini jino lililozibwa kwa dawa iliyokauka kabla ya kufika mahali pake ni jino litakalofunguka.

DAWA NYINGINE NA HABARI ZAKE

Fomokresoli. Hii ni maji makali yenye fomalini na kresoli. Mmarekani aitwaye Buckley aliieleza mwaka 1904, na katika miaka ya 1930 Sweet, naye Mmarekani, aliieneza kwa meno ya watoto. Pamba iliyoloweshwa kidogo hugusishwa juu ya visiki kwa dakika chache, ikavikausha na kuvigandisha, kisha juu yake hujazwa ugali wa karafuu. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa kuu ya meno ya watoto duniani. Ni rahisi, chupa moja hutibu watoto wengi, na matokeo yake si mabaya. Shaka iliyoingia ni hii: mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka fomalini katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kiasi kinachoguswa katika jino ni kidogo mno, na wako madaktari wanaoitumia hata leo. Hata hivyo wengi wameona ya kwamba ikiwapo dawa nyingine nzuri, hapana haja ya kuendelea na hii.

Hidroksidi ya kalsiamu. Hii ni jamaa ya chokaa, na mfano wake ni chokaa iliyozimwa kwa maji. Mjerumani Hermann aliileta katika matibabu ya meno mwaka 1920. Katika jino la mtu mzima hufanya kazi nzuri, kwa kuwa huuamsha mwili ujenge ukuta mgumu juu ya jeraha. Katika jino la utotoni matokeo si mazuri hivyo, maana mara nyingi jino huanza kujila lenyewe kutoka ndani. Kwa sababu hiyo haipendelewi kwa kuwekwa juu ya visiki vya jino la mtoto. Ila ikichanganywa na aidofomu hufaa kuijaza mizizi iliyosafishwa, kwa kuwa mchanganyo huo huyeyuka kwa urahisi. Hapo imekuwa mshindani wa ugali wetu.

Salfeti ya chuma. Ni maji ya rangi ya kahawia, asilimia 15 na nusu, yanayozuia damu. Ikigusa kisiki, damu huganda na kufunga midomo ya mishipa. Habari ya kuitumia katika meno ya watoto iliandikwa mwaka 1991. Haina fomalini, ni ya bei nafuu, na matokeo yake yamekaribiana na ya fomokresoli. Juu yake hujazwa ugali wa karafuu vile vile.

MTA. Hii ndiyo dawa inayosifiwa zaidi sasa. Iligunduliwa katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, na Mahmoud Torabinejad na wenzake, na habari zake zilianza kuandikwa mwaka 1993. Wanachama watastaajabu kusikia kwamba asili yake ni saruji ya Portland, ile ile ya kujengea nyumba, iliyosafishwa na kusagwa laini, ikaongezwa oksidi ya bismathi ili ionekane katika picha ya eksirei. Kama saruji, hukauka penye maji, kwa hiyo unyevu wa mdomo hauidhuru. Ikikauka hutoa kalsiamu, na nyama iliyo chini yake hujenga ukuta mgumu na kubaki hai. Uchunguzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi, uliotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2018, uliona kwamba MTA ndiyo yenye kuelekea kushinda nyingine katika kazi hii. Kasoro yake ni mbili: huligeuza jino rangi likawa jeusi, na bei yake ni kubwa. Mwaka 2009 ilitoka dawa nyingine ya jamii hiyo, iitwayo Biodentine, inayokauka upesi zaidi na isiyoligeuza jino rangi sana. Bei yake nayo si ya mkulima.

Kwa ufupi, dawa iliyo bora kuliko zote ndiyo iliyo ghali, na dawa zilizo nafuu ndizo zinazofunikwa kwa karafuu. Kwa hivyo ugali wetu bado una kazi katika hospitali za wilaya, ingawa katika miji tajiri umeanza kuachiwa nafasi ndogo.

NJIA YA DAWA MPAKA ZIWANI

Fikirini mtoto wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, anayeumwa gego. Matema kuna hospitali ya Kilutheri, na Kyela mjini kuna hospitali ya wilaya. Likihitajika jambo kubwa zaidi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, ambako hufikwa kwa kupanda milima ya Rungwe kupitia Tukuyu, safari ya zaidi ya kilometa mia moja kutoka Kyela. Viko vijiji vya pwani ya ziwa ambavyo watu wake hutegemea mtumbwi, au meli itokayo Kyela, kama vile MV Mbeya II iliyoanza safari mwaka 2021. Kwa watu hao siku ya kwenda hospitali ni siku isiyo na shamba, pamoja na nauli ya watu wawili.

Sasa fikirini chupa ya eujenoli. Huenda makonyo yake yalitoka katika shamba la Pemba, yakakamuliwa Wawi, yakapelekwa ng'ambo, yakasafishwa, yakatiwa chupani, yakarudi Dar es Salaam, na kutoka hapo yakaenda Mbeya na Kyela. Ni mzunguko mrefu wa kitu kilichoanza na kurejea katika nchi moja. Tunasema "huenda" kwa sababu chupa haiandikwi jina la shamba, na mafuta mengi ya majani ya mkarafuu duniani hutoka Indonesia. Tena mwanachama asidhani kwamba meno ya watoto yatapandisha bei ya karafuu. Jino moja hutumia matone machache tu. Mnunuzi mkubwa wa karafuu ulimwenguni amekuwa ni sigara za Indonesia. Lakini faida ya kitu haipimwi kwa pishi peke yake.

NJIA ZISIZOHITAJI UMEME

Yafaa wanachama wajue kwamba Tanzania imetoa mchango wake kwa ulimwengu katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Mholanzi Jo Frencken, walitengeneza njia ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila ya mashine wala umeme. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha tundu huzibwa kwa simenti inayoshikamana na jino yenyewe na kutoa floraidi. Simenti hiyo ilivumbuliwa Uingereza na Wilson na Kent, wakaiandika mwaka 1972. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hii kwa nchi zote, na sasa imeenea katika mabara mengi. Hufaa kabla uozo haujafika kwenye kiini.

Njia ya pili ni maji ya fedha na floraidi, asilimia 38, yanayopakwa juu ya tundu na kuuzuia uozo usiendelee. Hulifanya tundu kuwa jeusi, jambo ambalo mzazi aelezwe mapema, lakini hayahitaji sindano wala mashine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliyaweka maji haya, pamoja na ile simenti, katika orodha yake ya dawa za lazima.

Njia ya tatu ni kofia ya chuma kisichoshika kutu. Bibi Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland, alizoea kuivisha kofia hiyo juu ya gego lililotoboka bila ya kuchonga wala ganzi, uozo ukafungiwa ndani ukakosa sukari na kusimama. Rekodi zake zilipochunguzwa na kuandikwa mwaka 2006, ilionekana amefaulu. Nayo hufaa ikiwa kiini kingali hai na hakuna jipu.

Ama kuhusu kijazio cha zamani cha fedha na zebaki, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba kisitumike kwa meno ya utotoni, kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa mama wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona ni lazima. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo.

ONYO KWA NYUMBA ZA WAKULIMA WA KARAFUU

Jambo tunalotaka lisomwe kwa makini kuliko yote ni hili. Katika nyumba zetu karafuu ni dawa ya kwanza ya jino, na chupa ya mafuta iko katika nyumba nyingi. Mtoto akilia usiku, karafuu husagwa ikajazwa tunduni, au pamba hutiwa mafuta. Maumivu hupungua, mtoto hulala, na mzazi huona jino limepona.

Halikupona. Ganzi imefunika maumivu, uozo unaendelea kushuka, na kama tulivyokwisha kueleza, mafuta yakigusa kiini kilicho wazi huichoma nyama ambayo daktari angeweza kuiokoa. Siku ambayo jino linaacha kuuma lenyewe, mara nyingi ni siku kiini kilipokufa, na kinachofuata ni jipu na uso kuvimba. Jipu kwa mtoto si jambo la kungojea soko wala mavuno. Mtoto aliyevimba shavu au chini ya taya akawa na homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Na hatari nyingine ni kuyanywa. Mwaka 1993 iliandikwa katika jarida la tiba la Uingereza habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu mililita 5 mpaka 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alizimia, akapata degedege, ini likaumia, akawa karibu ya kufa. Kwa hiyo kitu tunachokiona cha kila siku, kwa mtoto mdogo ni sumu. Chupa ya mafuta iwekwe juu, ifungwe, wala isitiwe katika chupa ya soda.

Pia tuseme neno juu ya yale yanayoitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, watu huonyesha uvimbe mweupe katika fizi, mahali pa chonge, wakasema ndio ugonjwa, na mtu huitwa kuuchokoa kwa kisu au waya. Hakuna meno ya plastiki. Uvimbe huo ni chonge la mtoto likijiandaa kuota. Kuchokoa huko humletea mtoto damu kutoka, pepopunda na vijidudu vya damu, na wako waliokufa, na jino la ukubwani huharibika kabla halijazaliwa. Anayeharisha ana ugonjwa wa tumbo, anyonyeshwe, apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, apelekwe kwa daktari.

LA KUFANYA

1. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Mkono wa mzazi ushike mswaki mpaka mtoto awe na akili ya kazi hiyo.

2. Asilale na chupa ya maziwa au chai ya sukari mdomoni.

3. Mkague mtoto mdomo mara moja kwa mwezi mchana kweupe. Doa jeupe kama chokaa karibu na fizi ndio mwanzo wa uozo, na hapo hakuna haja ya sindano.

4. Tundu likionekana, nendeni kabla halijauma. Tundu lisilouma huzibwa. Linalouma usiku huhitaji kutibiwa kiini. Lenye jipu hung'olewa. Kila hatua ni nzito kuliko iliyotangulia.

5. Mkifika kwa daktari, ulizeni mambo matatu: kiini kingali hai? Jino hili lina miaka mingapi bado? Dawa gani itatumika, na juu yake kutawekwa kofia? Jino lililokatwa kiini bila ya kufunikwa vizuri huvuja, na kazi yote hupotea.

6. Ikiwa jino linauma na safari ni kesho, mtoto asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, apewe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha umri na uzito wake. Mafuta ya karafuu yabaki rafuni.

Wanachama wa Kisiwani na wakulima wa kakao wa kule ziwani hawajuani kwa sura, lakini shida ya mtoto anayeshika shavu usiku ni moja. Sisi tulimao mti huu tunapaswa kuwa wa kwanza kujua unapofaa na unapodhuru. Mafuta yake, katika mkono wa daktari na kwa kipimo, huokoa jino. Mwanachama mwenye mtoto wa chini ya miaka sita na amtazame mdomo leo hii, kabla ya kwenda shamba.